Shangazi Hakuwadanganya Watoto

Watoto walimwita Shangazi, na sisi watu wazima tukafuata mkumbo. Hata afisa wa ustawi wa jamii, mtu wa makamo asiyeachana na tai, alimwita Shangazi ingawa kiumri walikuwa sawa. Jina lake halisi nililisikia mara moja tu, siku alipolazwa hospitali na muuguzi akaliita mlangoni. Nilitazama huku na huku kutafuta mwenyewe ni nani.

Mimi nilikuwa mpishi wake. Nyumba yetu zamani ilikuwa ghala la magodoro: vyumba virefu vyenye sakafu ya saruji na madirisha madogo yaliyobanwa huko juu karibu na dari. Godoro lenyewe halikubaki hata moja. Tulikuwa tukitaniana kwamba ni sisi tu tuliopewa ghala la magodoro tukalala mikekani. Humo ndimo walimoletwa watoto waliookotwa njiani vita vilipopamba moto ng'ambo ya mpaka, wale ambao hawakuwa na mtu. Walishushwa kwenye lori wakiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Shangazi aliwapokea kwa beseni la maji ya uvuguvugu, akawanyoa, akawaosha, akawavisha nguo alizoshona mwenyewe kwa cherehani yake ya miguu. Hakuwauliza lolote. Alisema mtoto aliyetoka huko ameulizwa maswali ya kutosha, tena na watu wenye bunduki.

Ukuta wa nyuma tulipakana na karakana ya mbao. Kila msumeno wa umeme ulipoanza kulia, watoto walitawanyika kama kuku walioona mwewe. Mmoja alijitia ndani ya sufuria yangu kubwa, na kumtoa ikawa kazi. Shangazi akavuka kwenda kwa fundi. Hakwenda kugomba, kwa sababu yule mtu alikuwa akitafuta riziki yake. Alimwomba tu agonge bati kabla ya kuwasha mashine. Fundi aliona kama mzaha, lakini akagonga. Na kila alipogonga, Shangazi aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani na kusema, bila haraka, "Msumeno huo. Unakata mbao." Watoto nao wakaitikia, mikono masikioni, "Unakata mbao." Baada ya muda, wakubwa wakaanza kuwaambia wadogo kabla Shangazi hajafungua kinywa.

Kisa chake mwenyewe alinieleza siku moja tukichambua maharage. Hakukieleza kama mtu anayelia shida, alikuwa anajibu swali langu. Nilimwuliza kwa nini alifunga duka lake la ushonaji mjini, duka lenye wateja, akaja kuteseka na watoto wa watu.

Yeye naye alivuka mpaka akiwa mtoto, miaka mingi nyuma, katika vita vingine. Alivuka na mama yake na mdogo wake wa kiume. Kambini mdogo wake akashikwa na homa na kuharisha, akapakiwa kwenye gari la wagonjwa. Shangazi akaambiwa mdogo wake amekwenda kutibiwa, atarudi. Akaambiwa anaendelea vizuri. Akaambiwa ameanza kula. Aliyasikia haya kwa majirani, kwa wauguzi na kwa mama yake mzazi, na kila mmoja alimwambia kwa kumhurumia. Yeye akawa anamwekea chakula pembeni, na kikichacha anakimwaga na kuweka kingine. Akakua mpaka akaota matiti, bado anangoja. Siku moja wakagombana na msichana mwenzake kwenye foleni ya maji, na yule msichana, kwa hasira tu, akamwambia kambi nzima inajua kwamba ndugu yake alikufa siku ileile aliyopakiwa garini.

"Niliweka ndoo chini nikaenda kumwuliza mama," aliniambia. "Mama akajifunika khanga usoni. Basi nikajua. Kufa kwa mdogo wangu kuliniuma, lakini watu hufa. Kilichoniumiza zaidi ni kuwa kila mtu alijua, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nacheza mchezo ambao wenzangu wameshatoka uwanjani."

Akamimina maharage kwenye maji na kuniambia kwamba katika nyumba yake mtoto hatadanganywa, hata iweje. Nilitikisa kichwa kukubali. Nilidhani ni jambo jepesi.

Msichana mmoja aliletwa mwanzoni mwa mvua. Alikuwa wa miaka tisa au kumi, miguu kama vijiti, na mgongoni amembeba mtoto wa mwaka na kitu hivi, amemfunga kwa kitenge cha kijani kilichopauka. Alikataa kumshusha. Lori lilipoondoka na wenzake walipokwisha kuoshwa, yeye bado amesimama ukutani, na fundo la mbeleko kalishika kwa mikono miwili. Shangazi akamletea beseni pale aliposimama, akamwosha miguu, akamwosha mtoto sehemu zilizochomoza, akaacha hivyo. Usiku ule msichana alilala ameketi, amegeukia ukuta ili mtoto asibanwe.

"Ni mdogo wangu," ndiyo maneno yake ya kwanza kwetu.

Lakini mtoto, alipoanza kuchangamka, alimwita mama. Wenzake wakapata la kusema, wakambandika jina la Mama Mdogo. Hakujali. Alimtafunia chakula, alimpenga kamasi, na usiku alimgonga mgongoni taratibu kwa kiganja mpaka alale. Mtoto mwenyewe mimi nilimwita Bwana Mkubwa, maana alikula kama aliyelipia. Akanenepa mashavu, akaanza kutembea akishika ukingo wa meza yangu, na Mama Mdogo akaanza kumwacha jikoni kwangu, kwanza kwa muda wa kwenda chooni, halafu kwa muda wa kufua, mwishowe kwa asubuhi nzima ya shule. Alirudi akikimbia kila siku. Mgongo wake ulikuwa na michubuko pale fundo lilipokaa, na Shangazi alimpaka mafuta jioni akimsikiliza akihesabu meno ya Bwana Mkubwa.

Picha za watoto zilikuwa zikibandikwa sokoni, kwenye vituo na kambini, ili kama kuna ndugu walio hai wawaone. Ndivyo alivyokuja mwashi mmoja.

Alikuja mchana, amevaa shati alilofua halafu likamkaukia mwilini, viganja vimepasuka kwa saruji. Alisimama mlangoni pa jikoni, akamtazama mtoto aliyekaa sakafuni na mwiko wangu. Alikaa palepale kizingitini. Alituambia mtoto wake ana kovu la kuungua pajani, aligusa birika la chai. Nilikuwa nikiliosha kovu hilo kila siku, sikuhitaji kufunua. Akanyoosha mikono, akamwita kwa jina ambalo hatukuwahi kulisikia. Bwana Mkubwa akapiga kelele za hofu na kutambaa mpaka nyuma ya sketi yangu.

Mama Mdogo alikuwa shuleni.

Afisa wa ustawi alifika alasiri hiyohiyo. Hakuwa mtu mbaya, na hili nalisema kwa haki. Alikuwa ameona watoto wengi wakitenganishwa na alitaka kupunguza kilio. Akashauri kwamba mwashi arudi kesho asubuhi, msichana akiwa darasani, amchukue mwanawe waondoke. Msichana akirudi aambiwe mtoto amepelekwa kliniki. Baada ya siku kadhaa atazoea. Alisema watoto husahau upesi.

Shangazi alikuwa anapindia sketi ya shule. Hakuacha kushona.

"Mimi nilikuwa mtoto," alisema. "Sikusahau."

Afisa akasema msichana atajiumiza, atakimbia, na nyumba italaumiwa. Shangazi akamjibu kwamba huenda ikawa hivyo, na kwamba mwashi hatanyimwa mwanawe, hilo halina mjadala. Lakini mtoto hataibiwa katika nyumba hii. Ataaga na ataagwa. Mimi nilisimama pale na sahani mikononi, na moyoni nilikuwa upande wa afisa. Nilimwona Shangazi ni mgumu kama jiwe.

Alimwambia msichana jioni, katika chumba cha cherehani, mlango wazi. Alimketisha mbele yake, akamwambia baba wa mtoto yuko hai, amekuja, na atamchukua mwanawe, si leo wala kesho lakini atamchukua. Mama Mdogo hakulia wala hakubisha. Hakusema tena kwamba ni mdogo wake. Alisimama, akaja jikoni, akamfunga mtoto mgongoni kwa kile kitenge, akampeleka kulala. Nikajidanganya kwamba ameelewa.

Siku iliyofuata, wakati wa chakula cha mchana, hawakuwapo. Tulitafuta vyooni, tukatafuta barabarani, nikamwuliza kila mwenye meza ya biashara mpaka sauti ikanikauka. Afisa akaitwa. Ndipo fundi wa karakana akaja kwenye ukuta na kumwita Shangazi kwa sauti ya chini. Alikuwa amezima msumeno. Nyuma ya rundo la mbao, kule wanakorundika maranda, aliona kitenge cha kijani.

Shangazi alikwenda peke yake, mimi nikabaki kwenye upenyo wa bati ukutani. Hakumwambia atoke. Alikaa chini, juu ya maranda, hatua kadhaa kutoka kwao, akanyoosha miguu yake yenye uvimbe. Walikaa hivyo mpaka kivuli cha rundo kikawafikia. Bwana Mkubwa alikuwa akichezea maranda, hana habari.

Mwishowe msichana alisema, "Yeye anajua nini? Hajui kwamba huyu halali mpaka agongwe mgongoni. Hajui kwamba ukimpa maji ya baridi anakohoa. Atampa maji ya baridi."

"Hajui," Shangazi alikubali. "Hakuwapo. Anayejua ni wewe."

"Basi aniachie."

"Hawezi. Ni mwanawe, na mpaka sasa amempata huyo tu. Lakini mambo hayo yote unaweza kumfundisha. Usipomfundisha wewe, hakuna wa kumfundisha."

Msichana akauliza kama akimfundisha baba, yeye ataachiwa mtoto. Shangazi angeweza kusema labda. Ningesema mimi. Yeye alisema hapana, hataachiwa. Ndipo Mama Mdogo akalia, kwa mara ya kwanza tangu alipoletwa. Alilia kikubwa, bila sauti, akiwa amekunja kifua, na fundi aligeuka akaanza kupanga misumari yake ambayo tayari ilikuwa imepangwa.

Wakakutana jikoni kwangu, yeye na mwashi. Mwashi alikuwa na swali ambalo alilibeba tangu siku ya kwanza. Mtoto alipotea akiwa na mama yake, na mtoto amepatikana. Mama yuko wapi? Aliuliza akitazama sakafu. Mama Mdogo akamgeukia Shangazi.

"Nimwambie?"

"Ukiweza, mwambie. Usipoweza leo, utamwambia siku nyingine."

Akamwambia. Nilikuwa nachochea moto, na sikuthubutu hata kuweka kuni chini.

Alisema alikuwa peke yake wakati ule, wa kwao wote wamebaki nyuma. Alishuka chini ya daraja dogo kutafuta maji. Kulikuwa na mwanamke ameegemea nguzo, na mtoto mapajani. Mwanamke alikuwa na jeraha ubavuni, amelikandamiza kwa mkono. Alimwomba amshikie mtoto kidogo. Halafu akafungua kitenge chake kiunoni, akamwonyesha jinsi ya kumfunga, akamwambia atangulie na watu waliokuwa wakipita juu barabarani. Yeye atapumzika kidogo kisha awafuate.

"Alisema nakuja," msichana alisema. "Nilikwenda, nikageuka. Nikamngoja pale watu walipolala. Hakuja."

Mwashi akauliza kama mkewe alisema lolote zaidi.

"Alisema mtoto anapenda kichwa kilale upande wa kushoto."

Mwashi alitoka nje mpaka kwenye bomba, akafungua maji na kunawa mikono. Aliinawa, akainawa, maji yakatiririka mpaka kwenye kitanda cha mchicha wangu, na hakuna aliyekwenda kulifunga lile bomba.

Tangu hapo alikuja kila siku baada ya kazi. Mama Mdogo alimfundisha kama mwalimu mkali. Alimwonyesha namna ya kugonga mgongo, akamkosoa, akamwambia anagonga kama anayepiga ukuta, na mwashi akakubali kwamba ukuta ndio alioujua. Tulicheka siku hiyo, hata yeye. Bwana Mkubwa akaacha kulia akimwona. Siku moja akalala kifuani kwake, na niliona msichana akitazama kwa uso wa mtu aliyefaulu mtihani asioutaka.

Walipoondoka, mwashi alikuwa anakwenda kwa dada yake, mji mwingine, ambako kulikuwa na kazi za ujenzi. Alimwambia Mama Mdogo kwamba angemchukua kama angekuwa na kwake, lakini yeye mwenyewe anakwenda kulala sebuleni kwa watu. Sijui kama ilikuwa kweli yote. Msichana hakumwuliza. Alimfunga mtoto kifuani mwa baba yake kwa kile kitenge, kichwa upande wa kushoto, akalivuta fundo kulijaribu. Mwashi akasema kitenge abaki nacho. Akakataa. Alisema bila kile mtoto hatalala.

Waliaga. Mtoto alipoona anakwenda na Mama Mdogo anabaki, alianza kumwita mama, na tulimsikia mpaka walipokata kona.

Sasa ningependa kusema kwamba Shangazi alikuwa sahihi na mambo yakanyooka, lakini hayakunyooka. Mama Mdogo aliumwa. Alilala amegeukia ukuta, hakula, na alipotembea alitembea ameinama kidogo mbele kama bado amebeba. Shangazi alihamishia mkeka wake karibu naye. Mimi nilimkasirikia waziwazi. Nilimwambia kwamba angekubali lile la kliniki, msichana angelia wiki moja yakaisha. Hakunijibu kwa kunishinda. Aliniambia tu kwamba huenda, na kwamba hata yeye halali.

Baadaye, siku zikiwa zimepita nyingi, msichana alikaa kwenye kigoda karibu na cherehani na kutaja jina la mama yake. Halafu la baba, halafu la mtaa wao. Mpaka siku hiyo hakuwahi kutaja hata moja. Nilimwuliza Shangazi kwa nini leo, akasema pengine ameona kwamba hapa akiuliza kitu ataambiwa ukweli, kwa hiyo sasa yuko tayari kuuliza. Majina yakapelekwa kwa afisa. Jibu lilichukua muda, na lilipokuja lilikuwa baya kama tulivyoogopa. Mtaa ule ulichomwa, na mtu mmoja aliwaona wa kwao kwa macho, tena aliwazika mwenyewe. Afisa alilileta mwenyewe. Alivua tai kabla ya kuingia, na safari hii hakushauri lolote. Alikaa pembeni Shangazi akimweleza, na msichana alipotaka kujua walizikwa pamoja au mbalimbali, afisa ndiye aliyejibu. Alisema pamoja.

Vita vikasogea. Mwaka uliofuata vilifika mji ule aliohamia mwashi. Tulisikia kwenye redio mchana, nikiwa nakwangua sufuria, na nilikimbia kuizima. Nilichelewa, Mama Mdogo alikuwa amesimama mlangoni.

"Wako hai?" aliuliza. Hakuniuliza mimi. Alimwuliza Shangazi.

Nilimtazama Shangazi kwa macho ya kumwomba. Neno dogo tu, ndiyo, lingetosha kumpa mtoto usingizi. Aliweka mkasi chini. 

"Sijui, mwanangu," alisema. "Sijui."

Mimi nilitoka nje nikalia kwenye kibanda cha kuni. Niliporudi, walikuwa wamekaa palepale, msichana amelaza kichwa mapajani mwake, na Shangazi anamgonga mgongoni kwa kiganja, taratibu.

Siku hizi miguu ya Shangazi imemshinda, anapokea watoto akiwa ameketi. Anayebeba beseni ni Mama Mdogo, ambaye amenipita urefu. Jina limemganda, ingawa waliomwita hivyo kwanza wametawanyika wote. Hawaulizi watoto maswali, kama alivyofundishwa. Lakini wakija watu wazima na lori, wanaotoka upande ule, huwafuata mmoja mmoja na kuwauliza kama wamemwona mwashi fulani mwenye mtoto wa kiume, ana kovu la kuungua pajani. Mpaka leo hakuna aliyemwona.

Mwanzoni alikuwa akisema mtoto mdogo, ndiyo kwanza anatembea. Juzi nilimsikia akimwuliza mzee mmoja aliyekuwa akishuka na kifurushi chake. Alimshika mkono asianguke, akamweleza vizuri, na akasema sasa atakuwa mtoto wa kuanza shule.